Kusafiri Nje na Begi Moja: Maswali Ambayo Watu wa Kisumu, Nakuru na Magharibi Wanauliza Kila Mara

Nakaa Kisumu, na kila mtu wa huku akipata viza kuna maswali fulani lazima atauliza. Nimeyaweka hapa pamoja, ya msingi kwanza halafu yale magumu yako huko chini. Kama jibu liko mahali pengine nitakuelekeza, sitarudia.

## Mambo ya msingi

Hili begi moja mnalosema ni la ukubwa gani?

Ni lile unaloingia nalo ndani ya ndege na kuliweka juu ya kiti. Urefu wake kwa kawaida hauzidi sentimita 55, na kwa begi la mgongoni hiyo ni kama lita 35 hadi 40. Lakini ukubwa hausumbui watu sana, uzito ndio unawashika. Emirates, Qatar Airways na Ethiopian wanaruhusu kilo 7 ndani ya ndege kwa ekonomi, Kenya Airways wanaruhusu 12. Sasa mtu akipanga safari yake kwa hesabu ya 12 halafu tiketi iwe ya kupitia Doha, anaanza kutoa nguo mbele ya kaunta watu wakimwangalia. Soma tiketi yako kwanza, na kama unaunganisha ndege za kampuni mbili, fuata ile kali zaidi.

Naenda miezi minne. Nguo za wiki moja zitatosha kweli?

Zitatosha. Mtu wa miezi minne na mtu wa siku kumi wanabeba mzigo ule ule, tofauti ni kwamba wa miezi minne anafua mara nyingi zaidi. Fikiria nyumbani unavaa nini kwa wiki, utakuta ni tishati zile zile nne na suruali mbili unazozipenda, zile zingine zinakaa tu kabatini zikingoja harusi. Kule unakoenda watu watakuona na nguo hizo hizo na hakuna atakayekuuliza.

Kinachofanya iwezekane ni kuchagua vitu vyenye kazi zaidi ya moja. Mimi nikishika kitu najiuliza, hiki kitanifanyia kazi ngapi? Kikiwa na kazi moja tu, na si pasipoti wala dawa, kinabaki nyumbani.

Si tiketi yangu inaniruhusu mabegi mawili ya kilo 23? Mbona nisiyatumie?

Hakuna mtu anakukataza, lakini fikiria safari yako inaanzia wapi. Mtu wa Nairobi anaita teksi kutoka mlangoni hadi uwanja wa ndege wa JKIA, basi. Wewe wa Kakamega ama Siaya unatoka na boda hadi stegi, unapanda basi la usiku, unashuka Nairobi alfajiri katikati ya watu, unatafuta gari lingine la eapoti, na hapo hata ndege yenyewe hujaiona. Wa Nakuru ana nafuu kidogo, ni kilomita kama 160 hadi Nairobi, lakini matatu haina nafasi ya masanduku mawili na makanga atakulipisha kiti kizima. Na huko mbele kuna ngazi za treni ambazo hazina lifti.

Halafu kuna hili la kupotea. Begi ambalo liko mgongoni mwako haliwezi kubaki Addis wakati wewe umefika Frankfurt.

Lazima ninunue vile vitu spesheli vya wasafiri?

Hapana, na hapa nakuwa mkali kidogo kwa sababu naona watu wakikopa pesa kununua taulo ya kusafiria, mto wa shingo, sijui chupa ya kukunja. Sisi tuko na leso, tuko na mtumba, tuko na mafundi wa cherehani kila kona. Hizo pesa weka ziwe za kuanzia maisha huko. Vitu viwili tu ndivyo naona vinafaa kununuliwa vipya: adapta nzuri na jaketi ya mvua nyepesi, kama hukuipata mtumba.

## Begi lenyewe

La magurudumu ama la mgongoni?

La mgongoni. Begi dogo la magurudumu likiwa tupu huwa na kilo 2 na nusu hadi 3 na nusu, kwa hivyo kwa ndege ya kilo 7 umeshamaliza karibu nusu kabla hujaweka hata soksi. La mgongoni zuri ni kilo moja hadi moja na nusu. Pia huwezi kuburuta magurudumu kwa barabara ya murram ya kutoka kwenu hadi lami, hasa mvua ikiwa imenyesha.

Ila kama mgongo unakusumbua, ama ni mzazi mwenye umri, chukua la magurudumu bila kujilaumu na upunguze vitu vingine. Angalia pia lile swali la mama kule mwisho.

Naweza kupata begi zuri mtumba?

Ndiyo, tena mazuri kushinda mengi mapya ya madukani. Nenda Kibuye siku ya Jumapili mapema, ama kama uko Nakuru zunguka kwa wauza mtumba wa mjini, na uwe na subira. Usiangalie rangi kwanza. Fungua na ufunge kila zipu mara kadhaa, hasa kwenye kona ambapo huwa inakwama. Shika kamba za mabega pale zinaposhonewa kwa begi uvute kwa nguvu, hapo ndipo begi linakufa. Tia mkono ndani usikie kama kile kitambaa cha ndani kinabanduka unga unga, kikibanduka achana nalo, hata fundi hawezi kuliokoa. Mwisho linuse, harufu ya ukungu haitoki kirahisi.

Fundi anaweza kuniwekea mfuko wa kuficha pasipoti?

Anaweza, na ni pesa kidogo tu. Kuna kazi mbili mimi huwapa. Ya kwanza ni mfuko wa zipu ndani ya kiuno cha suruali, upande wa mbele, upana wa pasipoti na kidole kimoja zaidi. Mpelekee pasipoti yenyewe apime nayo mbele yako, usimwachie. Mwambie ashone kingo mara mbili na atumie kitambaa chepesi kama cha bitana ya koti, kizito kitaonekana ukikaa. Ya pili ni vitanzi viwili vya kamba ndani ya begi, juu karibu na zipu, vya kuning'iniza kamfuko ka chaja na kebo ili usichimbe begi lote ukiwa kwa ndege.

Huo mfuko wa kiunoni ndio unakusaidia kwa basi la usiku. Begi linaweza kukaa kwa keria lakini pasipoti, pesa na kadi ya homa ya manjano havitoki mwilini mwako.

Sina mizani. Nitajuaje kilo?

Tafuta mizani ya kupimia watu, wale jamaa wa kando ya barabara wanapima kwa sarafu chache ama uende kwa kemisti. Jipime mwenyewe, halafu jipime ukiwa umebeba begi, toa ya kwanza kwa ya pili. Pima siku mbili kabla ya safari, usingoje asubuhi ya kuondoka. Na ulenge nusu kilo chini ya ile unaruhusiwa, kwa sababu mizani za barabarani zingine zimechoka na lazima kuna kitu utaongeza dakika ya mwisho.

Ile mifuko ya kunyonya hewa inasaidia?

Inapunguza ukubwa, uzito unabaki ule ule. Shida yake ni kwamba inakudanganya, unaona kumebaki nafasi unaongeza nguo, begi linabaki dogo lakini limefika kilo 10. Mimi nakunja nguo kwa kuviringisha, basi.

## Nguo na viatu

Nibebe nini hasa?

Tishati nne, moja kati yake uwe umeivaa. Shati moja ya kola ama blauzi ya heshima ambayo inaweza kwenda kanisani na kwa intavyu. Suruali mbili, moja mwilini, na kama unavaa sketi ama dera, basi moja iwe badala ya suruali ya pili. Sweta moja, jaketi ya mvua moja, nguo za ndani tano, soksi jozi nne, boshori, na leso. Kaptula ama taitsi ya kulalia ambayo pia utafanyia mazoezi. Rangi zichague zile zinazoelewana zote, mimi hupenda nyeusi, kijivu na buluu ya giza halafu leso ndiyo ilete rangi.

Jinsi nzito usibebe zaidi ya moja, na hiyo moja ivae. Hizo zinakula kilo na zikiloa hazikauki.

Nitajuaje nguo itakauka haraka?

Soma lebo ya ndani. Pamba tupu inakauka polepole, poliesta na nailoni zinakauka usiku mmoja, sufu laini ya merino iko katikati lakini hainuki hata ukiivaa siku kadhaa. Merino mpya ni bei ya kuumiza ila kwa mtumba inapatikana, wauzaji wengi hawaijui wanaiuza kama fulana ya kawaida, kwa hivyo wewe pekua lebo. Kama huna lebo, loweka pembe ya nguo jioni, ikamue, itundike ndani ya nyumba, uiangalie asubuhi. Lakini fanya hilo jaribio mahali penye ubaridi kama Nakuru ama Eldoret. Kisumu kila kitu kinakauka, utajidanganya.

Jezi ya mpira, iwe ya Gor Mahia ama ya AFC Leopards (Ingwe), ni poliesta na inakauka kabla hujaamka. Beba moja, hata kama ni ya kulalia.

Watu wanasema leso, leso. Inafanya nini kweli?

Karibu kila kitu. Leso moja ya pamba nyepesi haifiki hata nusu kilo na hizi ndizo kazi zake: taulo ya kuoga, shuka kwa hosteli ambayo huiamini, blanketi kwa ndege ambayo imewasha kiyoyozi sana, skafu ya shingo kwa baridi, kitu cha kujifunga kiunoni ukienda bafu la pamoja, pazia la kitanda cha chini kwa hosteli, kitambaa cha kichwa ukiingia msikitini ama kanisani, mto ukiikunja na kuweka sweta ndani, na begi la soko ukifunga pembe mbili mbili. Wanaume pia, msione aibu, kama leso inakusumbua chukua kikoi, kazi ni ile ile.

Mpya ina wanga, inakuwa ngumu na hainyonyi maji. Ifue mara mbili tatu kabla ya safari. Na ukate pindo zile nyuzi zinazoning'inia, zinanasa kwa zipu ya begi.

Nikifika huko nafua vipi, na hakuna karai wala kamba?

Sinki ni karai. Ziba shimo kwa soksi kama hakuna kizibo, weka maji ya uvuguvugu, piga sabuni kwapani, kwa kola na kwa chini ya suruali, kwingine kote uchafu unatoka wenyewe. Suuza mara mbili. Ukikamua usisokote tishati, ibinye tu, ikisokotwa inapoteza umbo.

Sasa hapa ndipo watu hukosea wanaenda kutundika nguo inatiririka maji. Tandaza leso kavu kitandani, laza tishati juu yake, viringisha zote mbili pamoja kama chapati ya mayai, halafu uikandamize kwa goti kutoka upande mmoja hadi mwingine. Leso inanyonya maji mengi sana, ukitoa tishati inakuwa na unyevu tu. Itundike mahali hewa inapita. Nchi za baridi ndani kuna rediata, weka nguo karibu nayo, si juu yake kabisa, nailoni inaweza kuharibika.

Fua kidogo kila jioni ya pili, usingoje rundo. Ukingoja wiki nzima utahitaji mashine.

Viatu jozi ngapi?

Mbili. Raba nyeusi isiyo na mapambo ambayo ukiivaa na shati ya kola inapita kama kiatu cha ofisi, hiyo unasafiri nayo mguuni. Patipati ndani ya begi kwa bafu na nyumba. Ukiona lazima uwe na kiatu cha tatu cha ngozi kwa sababu ya kazi, kivae na ufunge raba ukiwa umejaza soksi ndani.

Naenda Kanada Januari. Hii mambo ya begi moja itanifaa kweli?

Itakufaa, ila nguo nzito zote zivae safarini. Joto linakaa kati ya tabaka za nguo, kwa hivyo tabaka tatu nyepesi zinashinda koti moja zito: ya kubana karibu na ngozi, sweta katikati, ya kuzuia upepo juu. Ile ya kubana mtumba iko tele na watu hawaijui kazi yake, wanaivaa kwa jogingi.

Koti la baridi kali wengi wananiambia watanunua wakifika. Mimi nasema tafuta hapa. Makoti mazito yanakuja kwa marobota na hapa kwetu hakuna baridi ya kuyafanya yauzike, kwa hivyo bei huwa chini, na unashuka kwa ndege ukiwa tayari umejifunika badala ya kutetemeka ukitafuta duka na pesa ambazo bado hujazizoea. Chunguza tu kama manyoya ya ndani hayajakusanyana vidonge. Buti za theluji hizo ndizo za kununua huko, hapa huwezi kuzipata za saizi yako na hazibebeki.

Na wanaoenda Ghuba?

Nguo pana na ndefu, za kufunika mabega na magoti, hapo pamba nyepesi inaruhusiwa kwa sababu jua litaikausha. Watu wanasahau sweta. Ndani ya majengo kiyoyozi ni kikali, na Riyadh usiku wa Desemba na Januari ni baridi kweli. Kama mwajiri anatoa yunifomu, uliza kabla ya kufunga, unaweza kupunguza nusu ya nguo.

## Kuoga, urembo na dawa

Ile sheria ya maji ni gani hasa?

Kwa begi la kuingia nalo, kila chupa isizidi mililita 100, na zote ziingie ndani ya mfuko mmoja wa kuonyesha wa lita moja. Imekuwepo tangu 2006. Kinachopimwa ni chupa, kwa hivyo chupa ya 200 yenye losheni kidogo chini inatupwa. Dawa ya meno inahesabiwa, mafuta ya kujipaka ya mgando pia, na njugu za kusaga vilevile, hiyo imewauma wengi wa huku. Viwanja vingine vimeleta mashine mpya na kulegeza, lakini kama unaunganisha ndege, fuata 100.

Begi la kuingia chini ya ndege halina hii shida.

Basi nioge na nini?

Sabuni ya kipande, haihesabiwi kama maji. Ile sabuni ya mche ya kufulia, kama Menengai ambayo inatengenezwa hapo Nakuru, inafua nguo, inaosha vyombo, na kwa ngozi ambayo haichagui inaoga pia. Kata kipande cha vidole vitatu, kiache kivulini siku nne tano kikauke kabisa, kitakuwa kigumu na kitakaa muda mrefu bila kuyeyuka ute. Kifunge kwa kitambaa cha pamba. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017, Tanzania tangu 2019, na Rwanda wao walianza kitambo zaidi, kwa hivyo usizoee kufungia vitu humo.

Nywele, suka kabla ya kuondoka. Mistari ya kawaida inakuondolea chanuo, mafuta na blo drai kwa wiki kadhaa, na vifaa vingi vya nywele vya hapa vinaleta shida ya umeme kwingine, angalia swali la adapta.

Pedi za miezi yote?

Beba za mwezi wa kwanza tu, zinauzwa kila mahali. Kama unatumia kikombe cha hedhi ama pedi za kufua, anza kuzoea ukiwa nyumbani miezi miwili mapema, safarini si mahali pa kujifunza.

Dawa nibebe vipi?

Ndani ya paketi yake ya asili, na barua ya daktari yenye jina la dawa lenyewe la kitaalamu. Usimwage vidonge vyote kwa kopo moja kupunguza uzito. Emirati na Saudia ni wakali sana kwa dawa zenye kodeini na tramadol, hata kama uliandikiwa hospitali hapa, kwa hivyo angalia masharti ya nchi kabla. Za kila siku zikae begi la mkononi daima.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano pia iko hapa. Chanjo inaanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 kadi ni ya maisha, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka kumi. Usichanjwe wiki ya kusafiri.

## Stima na simu

Pawabanki inaruhusiwa?

Inaruhusiwa, lakini ndani ya begi la mkononi peke yake, kwa lile la chini ni marufuku kwa sababu ya moto. Mwisho ni wati-saa 100 bila kuomba ruhusa. Kupiga hesabu, chukua mAh zilizoandikwa juu yake, zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1,000: ya 20,000 inakuwa 74, iko sawa. Hakikisha maandishi yanasomeka, yaliyofutika yanaweza kufanya wakuchukulie. Tangu Oktoba 2025 Emirates hawataki uitumie ukiwa ndani ya ndege, kuibeba ni sawa ila kuchaji hapana.

Kwa safari ya kawaida ya 10,000 inatosha. Ile kubwa ni tofali.

Adapta nahitaji ya aina gani?

Inategemea unaenda wapi. Plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa ndiyo ya Uingereza, Emirati, Saudia, Malaysia na Singapore, huko huhitaji kitu. Ulaya bara wanatumia miguu miwili ya mviringo, Marekani na Kanada miguu bapa miwili, Afrika Kusini ile mikubwa mitatu ya mviringo. Nunua adapta moja ya nchi unayoenda, ndogo, na uchome hapo chaja yenye matundu mawili matatu, badala ya kubeba adapta kibao.

Adapta haibadilishi nguvu ya umeme. Sisi tuko 240, Marekani ni 120. Chaja ya simu na laptopu nyingi zimeandikwa 100-240V, hizo zinafanya kazi popote. Pasi ya nguo, blo drai na hita ya maji ya hapa zikienda Marekani hazitapata moto wa maana, ziache.

Laini yangu ya Safaricom nifanye nini nayo?

Usiitoe na usiitupe. Washa roming kabla hujaondoka, kwa sababu benki na M-Pesa watakutumia namba za siri kwa laini hiyo na bila roming hazifiki. Simu ya laini mbili hapa ndiyo mkombozi, moja ya nyumbani moja ya huko, huhitaji simu ya pili. Kadi ya Visa ya M-Pesa, ambayo ilianza 2022, unaitengenezea ndani ya simu na inalipa vitu mtandaoni, unapunguza kadi moja ya kubeba.

Picha za pasipoti, viza, tiketi na vyeti jitumie kwa imeili pia ziwe ndani ya simu bila intaneti. Na karatasi moja moja ya zile muhimu, simu huzima.

## Chakula na mizigo ya watu

Naweza kubeba omena na unga?

Omena kavu kwenda Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya inaruhusiwa kwa matumizi yako, samaki ni hadi kilo 20. Nyama na maziwa ni marufuku huko, kwa hivyo aliya (nyama kavu) na mursik (maziwa ya mgando) zibaki. Asali hadi kilo 2. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, maembe na parachichi bila cheti cha mimea watazitupa. Marekani na Australia sema kila kitu kwenye fomu, ukisema wakakataa wanachukua tu, ukificha ni faini.

Lakini kwa mtu wa begi moja, omena nusu kilo iliyokaangwa kavu na kufungwa tabaka mbili inatosha kutuliza roho, na pakiti mbili za majani ya chai ya Kericho ama Nandi. Unga acha, miji mingi mikubwa ina maduka ya Waafrika na Wahindi. Miraa usijaribu, Uingereza imepigwa marufuku tangu Juni 2014 na Marekani vilevile.

Jirani ameleta kifurushi nimpelekee mwanawe. Nakataaje?

Nafasi ndiyo sababu, na ni ya kweli: "Shangazi, nina kilo saba tu na zimejaa." Kama unataka kusaidia, mwambie akuletee vitu vikiwa wazi, uviangalie kimoja kimoja na uvifunge wewe mwenyewe kwa mikono yako. Kilichofungwa tayari usibebe, hata akiwa ni mchungaji wenu, hata kama ni barua na sabuni. Kikikutwa na kitu ndani ni wewe unakamatwa, na nchi zingine adhabu ya dawa za kulevya ni kifo. Nimeona watu wakilainika hapa kwa sababu ya heshima na naomba sana usilainike.

## Hali za pekee

Mama anaenda kukaa na wajukuu miezi sita. Na yeye begi moja?

Kwa mama mimi nasema mawili: dogo la mkononi lenye dawa, karatasi, miwani, sweta, leso na nguo za siku mbili, na moja la magurudumu la kuingia chini ambalo halizidi kilo 15 hata kama anaruhusiwa 23. Ni yeye atalinyanyua kutoka ule mkanda, na huenda hakuna wa kumsaidia. Mama atataka kubeba mwiko, kitenge cha kila mtoto na njugu, mwachie, hayo ndiyo anaendea. Punguzeni nguo zake, watoto wake wana mashine ya kufua huko.

Funga utepe wa rangi kali kwa mkono wa begi lake, masanduku meusi yanafanana yote. Na mwandikie kwa karatasi simu na anwani ya anayempokea, aiweke mfukoni na si kwa simu peke yake.

Na mtoto mchanga?

Mbebe mgongoni ama kifuani kwa leso, unakuwa na mikono miwili na unapita foleni haraka kuliko wenye vigari. Maziwa ya mtoto hayafungwi na ile 100, unaruhusiwa ya kutosha safari, watayapima tu. Daipa za safari pamoja na za siku mbili mbele, zingine utanunua.

Naenda Kampala halafu Kigali kwa basi, pia nifunge hivi?

Vile vile, tena rahisi. Hakuna mililita 100 wala kilo 7, na Mkenya anavuka Uganda na Rwanda kwa kitambulisho, ingawa pasipoti ni bora ukiendelea mbali. Pale Busia ama Malaba unashuka na kutembea hadi dirishani, mwenye begi moja anamaliza na kurudi kwa gari. Sweta isikose, Kigali jioni ina ubaridi na basi la usiku madirisha huwa hayafungiki vizuri.

Nimefunga, nimepima, bado imezidi kilo moja na nusu. Nitoe nini?

Anza na viatu, jozi ya tatu kama ipo. Halafu jinsi, ivae ama uiache. Halafu vitabu, vyote viingie kwa simu isipokuwa Biblia ama Kurani ndogo kama huwezi kukaa bila. Halafu losheni kubwa, taulo (una leso), pawabanki ya pili, chaja ya pili. Ukifika hapo umetoa zaidi ya kilo na nusu kwa watu wengi.

Bado? Vaa jaketi na ujaze mifuko yake, simu, chaja, pawabanki, dawa, hata soksi. Kampuni nyingi zinapima begi, mwili wako haupimwi. Ukishapita kaunta rudisha vitu kwa begi uendelee na safari.